Wetisuti na mlalo wa mwili majini: mwongozo wa kujipima ukiwa Mwanza

Maji ya Ziwa Victoria huku kwetu huwa na joto la nyuzi 24 hadi 27 hivi karibu mwaka mzima. Kwa joto hilo wetisuti, yaani vazi la mpira la kuogelea linalobana mwili, haihitajiki, na katika mashindano mengi ya traiathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) hairuhusiwi. Kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, huikataza maji yakizidi nyuzi 22 kwa washiriki wa makundi ya umri (watu wa kawaida wanaoshindana na rika lao) wanaoogelea hadi mita 1500, na nyuzi 20 kwa wale wa daraja la juu. Lakini ukipata nafasi ya kushindana Ulaya au Afrika Kusini, utakuta maji baridi na karibu kila mtu kavaa. Yakishuka chini ya nyuzi 16, wa makundi ya umri analazimika kuvaa.

Wengi hudhani vazi hili ni la kuzuia baridi tu. Kwa mwanatraiathloni kazi yake kubwa ni kuinua nyonga na miguu. Atakayelivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya shindano atajikuta na mwili asioujua. Ndiyo maana nawahimiza wanaojiandaa kwa safari wajifunze hapahapa, taratibu.

Kwanza elewa miguu inazama kwa nini

Mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo maji yanakuinua zaidi kifuani. Uzito nao unakuvuta chini karibu na nyonga, kwa sababu mapaja yana misuli na mifupa mizito. Nguvu hizo mbili hazikutani mahali pamoja, hivyo mwili unageuka: kifua juu, miguu chini. Unakuwa mtumbwi uliopakiwa mzigo wote tezi. Omo linanyanyuka, na kila kafi linaishia kupambana na maji badala ya kukusogeza.

Ziwa letu lina jambo jingine. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia 2.5. Mtu wa kilo 70 akiwa baharini Dar es Salaam au Tanga huinuliwa kwa karibu kilo moja na robo tatu zaidi ya anavyoinuliwa Mwanza. Nimewaona waogeleaji wazuri kutoka pwani wakishangaa mbona miguu imekuwa mizito. Hawajapoteza ujuzi, maji ndiyo yamebadilika.

Wetisuti hutengenezwa kwa neoprini, yaani mpira wenye vipovu vidogo vya gesi vilivyofungiwa ndani. Fanya hesabu ya haraka. Vazi lenye eneo la mita ya mraba moja na nusu na unene wa wastani wa milimita 3 huchukua nafasi ya lita 4.5 za maji. Likiwa na uzito wa kilo moja na nusu, linakuongezea kilo 3 za kuelea. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ikiwa mapajani na kwenye nyonga, mwili unalala sawa.

Hatua ya 1: Chagua mahali na saa

Kwa kupima umbali na muda, bwawa la hoteli linafaa kuliko ziwa. Ukimaliza, suuza vazi kwa maji safi, maana klorini huchosha mpira.

Ukiingia ziwani, usiende peke yako. Waulize wavuvi wa mwalo ule, hasa wazee, kuhusu mamba na viboko. Wao ndio wanaojua wanyama wameonekana wapi wiki hii. Kaa mbali na matete na magugumaji karibu na ufuko, kwa kuwa konokono wanaobeba kichocho hupenda maeneo hayo. Viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa wingi jua likipanda, hivyo asubuhi ni afadhali kuliko mchana. Afadhali tu, si salama kabisa. Wetisuti nayo haizuii kila kitu, kwani viganja, nyayo na shingo viko wazi, na maji huingia ndani. Anayeogelea ziwani mara kwa mara apime kichocho hospitalini. Dawa yake, prazikwanteli, haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo muulize daktari ni wakati gani wa kuimeza.

Angalia anga pia. Radi na dhoruba za ziwa hupenda usiku na alfajiri, na mitumbwi ya dagaa hurudi saa hizohizo. Vaa kofia ya rangi kali na uvute boya.

Hatua ya 2: Jipime bila vazi

Lala kifudifudi, mikono mbele, pumzi kamili, bila kupiga miguu. Mwenzako ahesabu sekunde hadi miguu ishuke. Rudia ukiwa umetoa nusu ya pumzi. Kisha ogelea mita 400 za mtindo huru kwa mwendo unaoumudu, andika muda, na uhesabu mikono katika mita 50 za katikati.

Hatua ya 3: Kagua vazi lenyewe

Wetisuti za mitumba zipo, ila nyingi ni za wazamiaji au za wanaoteleza mawimbini. Za wazamiaji zaweza kuwa na milimita 7, ilhali kanuni ya traiathloni haivuki 5. Isitoshe, mabega yake ni magumu. Vazi la kwanza lililobuniwa kwa ajili ya traiathloni lilitolewa mwaka 1987 na Dan Empfield wa Marekani. Yanayofaa leo ni membamba mabegani na makwapani, manene kifuani na mapajani. Kabla ya kulipia, likunje kwa vidole sehemu hizo mbili. Kama unene ni uleule kila mahali, liache.

Hatua ya 4: Livae mpaka lifike

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vaa soksi nyembamba ili mguu upite, kisha vua soksi. Panda polepole, ukishika kwa nyama ya vidole, si kucha. Usisogee juu mpaka kitambaa kimefika kabisa pale mapaja yanapokutana. Likining'inia hapo hata vidole viwili, litavuta mabega kila unaponyoosha mkono, na unene uliokusudiwa kuinua nyonga utakuwa umekaa pasipo pake. Mikono nayo ivutwe hadi kwapa lijae.

Shingoni paka mafuta yanayoyeyuka kwa maji, usipake mafuta ya mgando. Yana asili ya petroli na huharibu neoprini.

Hatua ya 5: Toa hewa

Ukiwa ndani ya maji hadi kifuani, vuta ukosi, acha maji yaingie kidogo, kisha kumbatia magoti na ubane. Hewa itatoka shingoni. Usipofanya hivi, hewa itakusanyika mgongoni na utadanganyika kuhusu namna unavyoelea.

Hatua ya 6: Elea tena, kisha rekebisha kichwa

Rudia zoezi la kulala kifudifudi. Ambaye miguu yake ilizama mapema ataiona ikibaki juu bila jasho. Ambaye tayari alikuwa analala vizuri atakutana na tatizo tofauti: visigino vinatoka nje ya maji, kifua kinazama na kiuno kinapinda. Huyo aache kukandamiza kifua kama alivyofundishwa, na atazame mbele kidogo badala ya chini moja kwa moja. Kaza tumbo kwa wepesi ili kiuno kisipinde.

Hatua ya 7: Punguza miguu, linda mzunguko

Miguu haina tena kazi ya kukushikilia juu. Piga teke moja kwa kila mkono, basi. Nguvu uliyookoa utaihitaji kwenye baiskeli. Lakini usikubali vazi likulaze bapa. Endelea kuzungusha mwili kuanzia nyonga, la sivyo bega litabeba mzigo wote. Kifua kitahisi kubanwa, kwa hiyo toa pumzi mfululizo majini, usiishike.

Ukiinua macho kutafuta boya la kuonyesha njia, utagundua miguu haishuki kama zamani. Tumia nafasi hiyo kutazama vizuri, hasa ziwa likiwa na mawimbi.

Ogelea mita 400 kama zile za mwanzo, sasa ukiwa na vazi, na uandike muda. Dakika 15 zinatosha kwa maji ya hapa. Mwili unaofanya kazi ndani ya mpira katika nyuzi 26 hupata joto haraka. Ukihisi kizunguzungu, kichwa kugonga au kichefuchefu, toka, fungua zipu, kunywa maji. Siku hiyo imekwisha.

Hatua ya 8: Vua, uogelee tena

Pumzika mpaka mapigo ya moyo yatulie, kisha ogelea mita 400 nyingine bila vazi. Sasa una namba tatu: muda wa kabla ya vazi, wa ukiwa nalo na wa baada ya kulivua. Kama wetisuti ilikupunguzia muda mwingi, shida yako ni mlalo, na dawa yake ni mazoezi ya tumbo, kichwa kilichotulia na kupiga miguu bila kukunja magoti. Kama tofauti ni ndogo, mlalo ni mzuri. Tafuta kasi kwenye uvutaji wa maji, kiwiko kikiwa juu.

Angalia zaidi namba ya tatu dhidi ya ya kwanza. Waogeleaji wengi, wakivua tu, hulala vizuri kwa mita mia kadhaa kwa sababu mwili bado unakumbuka nyonga zilipokuwa. Ogelea ndani ya dakika hizo, ukilenga kuziweka nyonga palepale kwa nguvu zako mwenyewe. Likaushe vazi kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje, na zoezi hili lirudie mara moja kwa wiki hadi wiki ya safari.