Arusha hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo: jinsi ya kuipanga

Watu wengi wanaoishi Arusha na Moshi huuona Mlima Kilimanjaro kila siku na hawajawahi kuukanyaga, kwa sababu wanadhani kuupanda ni lazima uwe na wiki nzima na mamilioni ya shilingi. Kufika kileleni, ndiyo. Lakini msitu wake unaweza kuupanda kwa siku moja: unaingia lango la Marangu, lililo kwenye mita 1,870 hivi kutoka usawa wa bahari, unatembea kilomita 8 hadi kituo cha Mandara kwenye mita 2,700 na kitu, unakula chakula cha mchana, unashuka. Ukiwa na nguvu za ziada unaongeza kreta ya Maundi, robo saa tu kutoka Mandara. Mtu mwenye afya ya kawaida anaiweza safari hii. Ikiharibika, mara nyingi inaharibikia barabarani, kwenye malipo au kwenye viatu, kabla hata mguu haujaingia msituni.

Kanuni ya hifadhi ni kwamba hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, hata kama unaenda Mandara tu na kurudi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumpata huyo mtu. Unaweza kupitia kampuni ya utalii au kuelekezwa kwa mwongozaji na mtu aliyekwishapanda naye. Kwa vyovyote vile, omba kuona kitambulisho chake cha uongozaji kabla ya kutoa hata senti, na uulize maswali haya kwa maandishi, kwenye ujumbe wa simu, ili majibu yabaki:

- Bei inajumuisha nini? Kiingilio, malipo ya mwongozaji, usafiri na chakula ni vitu vinne tofauti. "Bei ni pamoja na kila kitu" si jibu. Ataje kimoja kimoja.
- Kiingilio atalipa nani, na lini?
- Tunaondoka saa ngapi, na gari linatusubiri langoni au linaondoka?
- Kama tuko zaidi ya watano, kuna mwongozaji msaidizi?

Swali la mwisho watu hulipuuza, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kundi la watu sita lazima litakuwa na mmoja anayechoka njiani. Akiwa mwongozaji ni mmoja, hawezi kugawanyika: ama wote mnarudi kwa ajili ya aliyechoka, ama aliyechoka anaburutwa hadi Mandara na kushuka akiwa hoi. Msaidizi anamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo ikigawanywa kwa watu sita.

Kuhusu kiingilio: langoni hawapokei fedha taslimu. Malipo hufanyika kwa kadi ya benki au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number), ambayo unaweza kuilipia kwa simu au benki. Kampuni nzuri hulimaliza hili siku moja kabla. Likiachwa hadi asubuhi ya safari, mtandao ukisumbua mnakaa langoni saa nzima huku jua linapanda. Mtanzania analipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana ukilinganisha na mgeni asiye mkazi, ambaye kwa miaka kadhaa kiingilio chake kimekuwa dola 70 kwa siku kabla ya VAT ya asilimia 18. Viwango hurekebishwa, hivyo thibitisha cha sasa kwa hifadhi yenyewe. Na ili uhesabiwe raia, beba kitambulisho cha taifa. Picha yake kwenye simu inaweza kukataliwa, na hapo tofauti ya bei itakuuma.

Saa

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Usizihesabu kama saa moja. Barabara inapita kwenye makazi mengi yenye ukomo wa kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wanaupima huo mwendo kweli. Kutoka Moshi unaendelea na barabara ya Himo, unakata kushoto pale Himo, unapanda hadi Marangu Mtoni, kisha unaendelea kupanda hadi langoni. Kwa jumla weka saa mbili na nusu hadi tatu.

Hesabu inayofanya kazi ni hii. Ondokeni Arusha saa 11 alfajiri. Mfike langoni kabla ya saa 2 asubuhi. Nusu saa ya kuandikishwa, ambapo kila mmoja anajaza kitabu mwenyewe, kwenda chooni na kufunga viatu vizuri. Saa 2 na nusu mnaanza kutembea. Kwa mwendo wa taratibu mnafika Kisambioni, mahali pa kupumzikia katikati ya njia, kabla ya saa 5, na Mandara saa 6 mchana au zaidi kidogo. Maundi kwenda na kurudi ni dakika 40 pamoja na kupiga picha. Chakula nusu saa. Saa 8 mchana kila mtu anageuza, popote alipo.

Hiyo saa 8 msiijadili mlimani. Ikubaliwe asubuhi, mbele ya mwongozaji, wote mkiwa na akili timamu na tumbo limejaa. Kushuka kunachukua saa mbili hadi mbili na nusu, kwa hiyo mkigeuza saa 8 mnafika langoni kabla ya saa 11 jioni mkiwa na akiba ya mwanga. Jua linazama kama saa 12 na nusu, lakini chini ya miti mikubwa giza huingia mapema zaidi, na mizizi iliyolowa haionekani. Wanaoumia vifundo vya miguu kwenye njia hii huumia wakishuka, wakikimbizana na giza. Kila mmoja abebe tochi hata hivyo, na si ya simu pekee: simu iliyopiga picha kutwa nzima, jioni haina chaji.

Anayeishi Arusha na anaweza kulala Moshi au Marangu usiku wa kuamkia safari, afanye hivyo. Usingizi wa saa mbili za ziada unausikia miguuni.

Viatu

Hapa ndipo pesa na akili vinapaswa kwenda kwanza. Njia ya Marangu ni nzuri, imetengenezwa, ina ngazi na mifereji, lakini ni msitu wa mvua: matope na mizizi vipo hata miezi ya kiangazi. Unahitaji kiatu chenye soli ya meno, kinachobana kifundo, na kilichokwisha kuzoea mguu wako. Kiatu kipya kilichotoka dukani jana kitakutoa malengelenge kabla ya Kisambioni. Kivae wiki mbili kwenda kazini au sokoni.

Wengi hununua viatu vya mtumba, na soko la Memorial pale Moshi lina viatu vizuri sana vya mlimani. Ila viatu hivi vina ugonjwa mmoja. Vingi vimekaa kabatini Ulaya miaka kumi au zaidi, na ile povu ngumu iliyo kati ya ngozi na soli ya chini huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa nje kinang'aa. Ukitembea saa moja kwenye matope, soli inabanduka yote, kuanzia kisigino. Kabla ya kununua, kunja kiatu kwa nguvu mpaka pua ikaribie kisigino, kisha bonyeza hiyo povu kwa ukucha wa kidole gumba. Ikionyesha nyufa nyembamba, ikimeguka kama mkate mkavu, au ikitoa unga, kirudishe hata kama bei ni ya bure. Gundi ya fundi haisaidii, maana kilichooza ni povu yenyewe, gundi itashika wapi? Na uweke kwenye begi mita mbili za kamba imara: soli ikibanduka, ifunge kwa kuzungusha chini ya unyayo na juu ya kifundo, utashuka salama.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Wakati wa kushuka vidole vinagonga pua ya kiatu maelfu ya mara, na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Funga kamba za kiatu kwa kulegeza kidogo unapopanda, kisha pale Mandara zifungue na kuzikaza upya juu ya kifundo ili mguu usiteleze mbele. Soksi ziwe za sufu au za nailoni; za pamba zikilowa hazikauki na ndizo zinazochubua.

Nguo, maji, chakula

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000. Kama Moshi mjini ni nyuzi 28, Mandara tarajia 16 au 17, na ukiwa umelowa jasho na upepo unavuma utaona ni kama 10. Jinzi acha nyumbani: ikilowa inakuwa nzito na baridi. Vaa suruali nyepesi inayokauka haraka na fulana ya michezo, ubebe sweta moja la joto na koti la mvua lenye kofia. Mwavuli njiani ni usumbufu, unashika matawi na kukunyima mkono. Ongeza fulana moja kavu ya kubadilisha Mandara. Watu hutetemeka pale kwenye chakula si kwa sababu ya hali ya hewa, bali kwa sababu wamekaa na fulana iliyoloa jasho.

Maji ni lita 2 kwa kila mtu, lita 3 kwa anayetoka jasho sana. Yaweke kwenye chupa za kudumu, za chuma au plastiki ngumu, kwa sababu chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nayo imepigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2019, hivyo nguo kavu zifungashe kwenye mfuko wa turubai usiopitisha maji.

Chakula kisiwe cha karamu. Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, chapati, ndizi mbivu na karanga zenye chumvi vinatosha. Kula kidogo kila baada ya saa moja badala ya kungoja Mandara na njaa kali. Wali na nyama ya mafuta saa 6 mchana vitakulaza.

Kutembea kwenyewe

Mwongozaji atawatanguliza kwa mwendo unaoonekana wa kizembe. Mfuateni. Kipimo ni hiki: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio. Vijana wenye mazoezi ya mpira ndio hukosea hapa; wanaruka ngazi nusu saa ya kwanza, wakifika Kisambioni mapaja yanawaka.

Mtapishana na wapagazi, wagumu kama wanavyoitwa mlimani, wenye mizigo kichwani na mabegani. Wapisheni, na mkisimama, simameni upande wa mlima, si upande wa bonde, mzigo usije ukamsukuma mtu chini. Wasalimieni.

Msitu una mengi kwa anayetulia. Mbega weupe kwa weusi hukaa juu sana mitini. Unawajua kwa mikia mirefu myeupe inayoning'inia kama pazia. Kima ni wa chini zaidi na huzoea watu, kwa hiyo pale pa kupumzikia fungeni mabegi. Kwenye kingo zenye unyevu, tazama chini utafute ua dogo jekundu na njano lenye mkia uliojikunja: ni Impatiens kilimanjari, halipo kwingine kokote duniani ila mlima huu. Msilichume.

Maundi ndipo miti mikubwa inapoishia na vichaka vifupi kuanza. Hewa ikiwa safi mnaviona vilele vya Kibo na Mawenzi juu, na tambarare za upande wa Kenya. Mawingu kwa kawaida huanza kujaa kadiri mchana unavyosogea, hivyo waliochelewa kuondoka mjini ndio hukuta ukungu. Kama anga liko wazi mnapofika, nendeni Maundi kwanza, chakula baadaye.

Maumivu madogo ya kichwa Mandara ni kitu cha kawaida, hasa kwa aliyetoka Dar es Salaam jana yake. Anywe maji, ale, apumzike. Akitapika, akipepesuka au kichwa kikizidi, anashushwa mara moja na msaidizi. Dawa ya kweli ni kushuka. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, si kwenye begi la mwenzake. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu au moyo waongee na daktari kabla ya kulipa.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, njia inapitika lakini mtaloa, tena sana. Asubuhi ya mvua kubwa, au mkiwa na mzee au mtoto asiyeweza kilomita 16, kundi linaweza kugawanyika: wengine wapande, wengine wabaki Marangu kwenye maporomoko ya Kinukamori, ambayo hayako mbali na Marangu Mtoni.

Mkishuka, jiandikisheni kwamba mmetoka, kisha toeni bakshishi, ya mwongozaji na ya msaidizi kila moja mkononi mwa mwenyewe. Bahasha moja kwa wote huzaa manung'uniko. Na dereva: ameamka saa 10 usiku, na bado ana saa tatu za barabara gizani. Mwambieni asubuhi, waziwazi, kwamba kazi yake ya mchana ni kulala ndani ya gari, na mbakizieni chakula. Kama alitumia siku hiyo kupeleka abiria wengine Moshi na kurudi, laleni Marangu.