Brauza inaleta miujiza? Usikubali kupigiwa window kabla hujapita hapa

Kuna huu mtindo hapa Mtwara, mtu kompyuta yake ya nyumbani brauza (programu ya kuingilia mtandaoni, kama Chrome) inajifungulia kurasa za kamari yenyewe, au akitafuta kitu anatupwa kwenye tovuti hata haijui, anaibeba hadi kwa fundi na jibu linakuwa moja tu, hii inataka window mpya, yaani kufuta kila kitu na kupakia Windows upya. Anatoa hela, picha za harusi zinakwenda na maji, halafu baada ya muda mambo yanarudi palepale. Mara nyingi kilichoharibika ni brauza tu na unaweza kuitengeneza mwenyewe sebuleni bila kufuta kitu, ila ufuate mpangilio, usiruke ruke.

Hatua ya 1, mjue mkosaji. Ukurasa unaokusumbua ufungue kwenye brauza nyingine, Edge ipo tayari kwenye Windows 10 na 11. Ikiwa huko uko poa basi shida ni ya ile brauza yako ya kwanza. Ikiwa zote mbili zinasumbua, badili intaneti: kama unatumia ruta ya Wi-Fi jaribu hotspoti ya simu, na kama siku zote ni hotspoti azima ya mtu mwenye laini nyingine. Kwa hotspoti shida imeisha? Basi kompyuta yako haina kosa, angalia ruta, izime uiwashe, ikigoma irudishe kwenye setingi za kiwandani, ila kabla ya hapo hakikisha unayo ile paswedi ya kuingilia na maelezo ya laini yako.

Hatua ya 2, angalia saa. Najua utaniona kama nakutania lakini hii ndo naikuta sana kwenye deskitopu za zamani. Kila tovuti inakuambia muunganisho si salama, na ukisoma yale maandishi madogo chini utaona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, watu wanadhani wamedukuliwa. Hakuna cha kudukuliwa. Tovuti inakuja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kama kompyuta yako inaamini tuko miaka kumi nyuma, kila cheti itakiona hakijaanza kazi. Rekebisha tarehe pale chini kulia, uone kama kurasa zinafunguka. Ikiwa ukizima na kuchomoa waya kesho saa imerudi nyuma tena, betri ya kwenye ubao mama (motherboard) imekufa. Ni kale kadubwana ka duara kama sarafu, kameandikwa CR2032, volti 3, ulizia kwa mafundi saa pale sokoni. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, fungua ubavu wa boksi, sukuma kale kachuma pembeni inaruka yenyewe, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ukiona kile kikalio kina kutu ya kijani, na huku kwetu karibu na bahari hiyo ipo, kisugue taratibu na kitambaa kikavu kwanza.

Hatua ya 3, dirisha la siri. Bonyeza Ctrl+Shift+N kwenye Chrome au Edge, kwa Firefox ni Ctrl+Shift+P. Humo ekstensheni, yaani vijiprogramu vya nyongeza vinavyowekwa ndani ya brauza, hazifanyi kazi isipokuwa umeziruhusu mwenyewe, kwa hiyo kama humo kila kitu kimetulia mshukiwa wa kwanza ni ekstensheni. Andika chrome://extensions pale juu, zima zote, washa moja moja mpaka umkamate. Zile za kudaunlodi video na za kugeuza PDF ndo naanza nazo, sina imani nazo hata kidogo.

Na hapa ndo penye siri ya tatizo kurudi. Kama uliingia Chrome kwa akaunti yako ya Google na umewasha usawazishaji (sync), ekstensheni mbovu nayo imehifadhiwa kwenye akaunti, hata upige window mara ngapi ukiingia tu inakufuata. Kwa hiyo unaifuta kabisa, usiishie kuizima.

Hatua ya 4, yale matangazo yanayochomoza kwenye kona, kompyuta yako ina virusi 5, umeshinda simu. Hivyo si virusi, kuna siku mtu nyumbani alibonyeza Allow. Nenda chrome://settings/content/notifications, futa kila tovuti usiyoijua. Ikija ile iliyojaza skrini nzima na namba ya simu ya kupiga, usipige, shikilia Esc, ikigoma bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, chagua brauza ubonyeze End task, na ukiifungua tena ikikuuliza irudishe kurasa kataa.

Hatua ya 5, ikoni. Chrome ikifungukia tovuti ileile kila siku hata ukibadili setingi, bonyeza ikoni ya deskitopu kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, soma kwenye Target. Inatakiwa iishie na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu ("), pakiwa na neno profile-directory mbele yake usihangaike hilo ni la kawaida, lakini ukikuta anwani ya tovuti imebandikwa pale, ifute uhifadhi.

Bado? Chrome fungua chrome://settings/reset, Firefox andika about:support ubonyeze Refresh Firefox. Alamisho na paswedi zinabaki, ila kwenye tovuti nyingine itabidi uingie upya.

Kompyuta zile za mtumba zinazoshushwa kutoka Dar ukikuta Chrome inasema inasimamiwa na shirika lako, na we shirika huna, fungua chrome://policy uone masharti gani yamewekwa, aliyeyaweka anaweza kuwa ofisi iliyokuwa nayo mwanzo au programu chafu. Hiyo ndo pekee humu ambayo nakubali kupiga window.

Wenye Windows 7: Chrome iliishia toleo la 109, 2023 ikaacha kuwaletea apdeti, kwa hiyo tovuti mpya zikikataa kufunguka vizuri hata ufanye yote ya juu hazitakubali. Weka Firefox 115 ESR, toleo la mwisho la Firefox linalokubali Windows 7, uendelee nayo wakati unatafuta mashine nyingine.