Kipanya kinaporuka au kufa kwenye FreeBSD: nani ameshika kifaa?

Shida nyingi za kipanya kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD 14 hazitoki kwenye kipanya chenyewe. Zinatokana na programu mbili kugombania kifaa kimoja, au keneli (kiini cha mfumo endeshi) na kipanya kutoelewana kuhusu ukubwa wa pakiti, yaani kifurushi cha data ambacho kipanya hutuma. Anza kwa kuuliza keneli imeona nini:

`dmesg | grep -E 'psm|ums'`

`psm0` ni kipanya cha PS/2 (kiunganishi cha zamani) au padi ya laptopu, `ums0` ni cha USB. Kisha iulize `moused`, programu inayosoma kipanya, imetambua kipanya gani: `moused -p /dev/psm0 -i all`. Ukijibiwa "Device busy", si hitilafu. `/dev/psm0` hufunguliwa na programu moja tu kwa wakati, na kwa kawaida `moused` ndiye ameshatangulia. Amri `fstat /dev/psm0` itakutajia aliyeishika.

Kwa hiyo usiielekeze X (programu ya mazingira ya picha) kwenye `/dev/psm0` huku `moused` akifanya kazi. Mpe `/dev/sysmouse`, ambamo `moused` humwaga mienendo yote. Kwenye `/etc/rc.conf`:

`moused_enable="YES"`
`moused_port="/dev/psm0"`
`moused_type="auto"`

Vipanya vya USB huanzishiwa `moused` vyenyewe vinapochomekwa. Usipotaka hilo, weka `moused_nondefault_enable="NO"`.

Njia ya pili, na ndiyo bora kwa mazingira ya picha ya leo, ni evdev (njia ya keneli ya kutoa matukio ya vifaa) pamoja na libinput (maktaba inayoyasoma). Hapa `kern.evdev.rcpt_mask` ndiyo yenye uamuzi: thamani 1 ni sysmouse, 2 ni kbdmux (kibodi zote zikiunganishwa kuwa moja), 4 ni kipanya halisi, 8 ni kibodi halisi; unajumlisha unazotaka. Andika `kern.evdev.rcpt_mask=6` kwenye `/etc/sysctl.conf`. Ukiwasha 1 na 4 pamoja, kila mwendo unaweza kufika mara mbili. Kielekezi kitakimbia kupita kiasi na mbofyo mmoja utageuka miwili. Watu huhangaika na mipangilio ya kasi bure.

Kielekezi kikirukia pembeni na kubofya chenyewe, tafuta "psmintr: out of sync" kwenye dmesg. Pakiti ya PS/2 ya kawaida ina baiti 3. Ya kipanya chenye gurudumu ina 4. Swichi ya kuunganisha kompyuta mbili kwa kipanya kimoja inaweza kukirudisha kwenye baiti 3 bila keneli kujua, na hapo baiti ya mwendo inasomwa kama vitufe. Kwenye `/boot/device.hints` ongeza:

`hint.psm.0.flags="0x200"`

Washa kompyuta upya. Keneli haitatambua aina ya kipanya, itakichukulia kama cha kawaida, gurudumu utalipoteza. Tatizo likija baada ya kompyuta kuamka usingizini tu, tumia `0x6000` badala yake: draiva hukianzisha kipanya upya, na gurudumu linabaki.

Padi ya laptopu ya Synaptics ikiwa haisogezi kurasa, hakikisha `hw.psm.synaptics_support` haijawekwa `0` kwenye `/boot/loader.conf`; kwenye FreeBSD 14 huwa imewashwa tayari.