Somo: Kubadili sakafu ya Volkswagen kobe (naandika mara moja tu)

Wadau, wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, na wa nne alinipigia nikiwa msibani. Nikiulizwa tena natuma hii.

Niko Gungu, Kigoma. Gari langu lilibeba chumvi ya Uvinza na ndoo za dagaa wa Kibirizi kabla sijalinunua. Sakafu niliikuta kama chujio.

1. Chomoa betri. Toa viti na mazulia.

2. Gongagonga sakafu kwa bisibisi. Panapotoboka zungushia chaki.

3. Toa petroli. Tangi liko mbele, ila bomba lake linapita ndani ya lile handaki la katikati, yaani mgongo wa bati ulioinuka katikati ya sakafu, pamoja na kebo za klachi na eksileta. Usichomelee karibu na handaki kabla bomba halijakauka.

4. Funga bodi isilegee. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikata pande zote mbili siku moja, kwa sababu welda ilikuwa ya kukodi na umeme unakatika hovyo. Bodi ya kobe imefungwa kwa bolti pembezoni mwa sakafu, na vizingiti vyangu, ile mifereji ya hewa moto chini ya milango, navyo vilikuwa vimeliwa. Kesho yake mlango wa dereva ukagoma kufunga. Nikanyanyua kwa jeki, ukafunga, nikachomelea. Nikashusha jeki, ukagoma tena! Kazi nzima nimeilipia mara mbili. Kwa hiyo: kabla ya kukata, chomelea skwea paipu kuvuka uwazi wa mlango, toka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kulia na kushoto. Pima nafasi za milango, andika ukutani, karatasi hupotea. Kizingiti kikiwa kibovu anza nacho. Kata upande MMOJA, umalize, ndipo uguse wa pili. Gari likae kwenye stendi, sehemu tambarare. Tofali hupasuka.

5. Kata, ukibakiza ukingo wa kama sentimita mbili kwenye handaki wa kulalia bati jipya.

6. Bati geji 18, kama milimita 1.2. La kuezekea ni jembamba mno, na moshi wa zinki yake utakulaza na homa.

7. Chomelea kwa nukta za kurukaruka: mbele, nyuma, katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu bati linajikunja kama chapati.

8. Praima, ziba maungio, rangi ya lami chini. Mpira wa kati ya bodi na sakafu uwe mpya.

MASWALI

*Mkuu, siwezi kulaza bati jipya juu ya la zamani?*
Unaweza. Kutu itaendelea kula katikati, nawe huioni.

*Naanzaje, nikate pande zote kwa pamoja ili niokoe muda?*
Soma namba 4.

*Nimeisoma, ila gari langu bado gumu.*
Na langu lilikuwa gumu, hadi nilipolikata.

*Shikamoo fundi. Mbona langu limeoza zaidi kulia, chini ya kiti cha nyuma? Kushoto kuzima kabisa.*
Marahaba, swali zuri sana. Betri ya kobe inakaa hapo hapo, na asidi ikivuja inakula bati taratibu. Kabla ya kuchomelea osha kwa maji yenye magadi mpaka povu liishe, suuza, kausha, la sivyo bati jipya nalo litaliwa. Halafu weka kipande cha mpira juu ya betri. Abiria mzito akikaa nyuma, springi za kiti hushuka zikagusa vichwa vya betri, na kiti huwaka moto. Mpira ule wa tyubu unatosha.

*Ahsante fundi! Tyubu ya baiskeli au ya gari?*
Ya gari, ni pana. Ikate iwe kubwa kuliko betri.

*Bei ya kazi yote?*
Sijaliona gari lako.

*Na harufu ya dagaa inatokaje? Sakafu mpya lakini ndani bado kunanuka.*
Iko kwenye sponji za viti, maji ya dagaa yaliingia huko. Mimi nilifua mara tatu, mwishowe nikapeleka viti kwa fundi makochi akabadili sponji zote.

*Fundi makochi yupi?*
Yule wa Mwanga amehama. Nami namtafuta, bado ana kiti changu kimoja.