Wiki 8 za Kiarabu mjini Cairo: somo kwa Mswahili anayekwenda Juni hadi Agosti

Wiki 8 ni chache mno. Ukianza kujifunza herufi ukiwa Cairo, 2 zimeshakwenda bure.

1. Karatasi. Pasipoti ibakize angalau miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano uchomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, maana kadi haihesabiki kabla ya hapo. Viza iombwe mapema.

2. Sauti. Hapa ndipo pa kutoa jasho. Dh, th na gh tunazo tayari. Zinazotushinda ni ع (ain), ح (ha), ق (qaf) na zile nzito ص ض ط ظ (sad, dad, ta, dha). Qalb ni moyo, kalb ni mbwa. ق hutamkwa nyuma kabisa ya ulimi, karibu na kimio; ukiivuta mbele umeshasema ك (kaf). Jirekodi kwa simu jozi kama hizo kila jioni, usikilize, urudie.

3. Mizizi. Kitabu, katibu, maktaba: zote ni k-t-b. Hukumu, hakimu, mahakama: h-k-m. Mtaji huu Mswahili anao bila kusoma. Kamusi nyingi za Kiarabu zimepangwa kwa mzizi, kwa hiyo maktaba itafute kwenye ك, usiitafute kwenye م (mim).

4. Fusha na Kimisri. Darasani na gazetini ni fusha, yaani Kiarabu sanifu. Sokoni ni Kimisri, ambacho ق huwa hamza, yaani mkato wa sauti kooni ('alb), na ج (jim) huwa g (gamil). Mkate kitabuni ni khubz, dukani ni 'esh. Kusema "nataka mkate", mwanamume husema "'ayiz 'esh", mwanamke "'ayza 'esh". Asubuhi shika fusha, jioni toka mtaani. Anayejifungia chumbani na daftari hurudi na sarufi tupu.

5. Maneno yanayodanganya. Tafaddal si "tafadhali" yetu: ni karibu, ingia, chukua. Ukiomba kitu sema min fadlak. Farah kwa Wamisri ni harusi pia.

MASWALI

Swali: Shikamoo ustadhi. Sikupita madrasa kabisa. Herufi zitanichukua muda gani?
Jibu: Marhaba. (Kwao marhaba ni salamu ya kuanzia, usiingoje kama jibu.) Wiki 3, nusu saa kila siku. Wengi hukwama kwa kuwa herufi hubadili umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Anza na ا د ذ ر ز و: hizi 6 haziungani na herufi inayofuata.

Swali: Ratiba imeandika الساعة التاسعة. Ni saa tisa alasiri?
Jibu: La, ni saa tatu asubuhi. Wao huhesabu kama uso wa saa unavyoonyesha. Sisi tunahesabu tangu mapambazuko. Toa 6. Na Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko, Jumapili ni siku ya kazi.

Swali: Dada akipanda metro peke yake?
Jibu: Yapo mabehewa ya wanawake katikati ya treni. Asimame usawa wa katikati ya jukwaa, asome alama ya السيدات (wanawake).