Somo: Kutunza mifupa umri unapokwenda

Jino likioza utakesha. Mfupa haupigi kelele: unaweza kupungua miaka ishirini usihisi chochote, hadi siku unajikwaa kidogo tu na nyonga inavunjika. Wengi wakisikia mifupa hukimbilia vidonge. Mimi naanza na mzigo, vidonge vitasubiri.

Mfupa ni kitu hai. Kuna chembe zinazobomoa mfupa mkongwe na nyingine zinazojenga mpya. Hadi karibu miaka 30 wajenzi wako mbele. Baadaye wabomoaji huwazidi polepole. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma kasi hupanda kwa miaka kadhaa, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji imeshuka. Wanaume msicheke, mnachelewa tu.

Hatua ya 1: Upe mfupa kazi

Wanaanga ni watu wenye afya njema, lakini huko juu ambako mwili haulemei kitu wamekuwa wakipoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mfupa usiobeba kitu hupunguzwa. Kwa hiyo tembea kwa kasi, panda ngazi, cheza muziki. Kuogelea na kuendesha baiskeli ni dawa ya moyo, ila maji na kiti vinakubebea uzito, mfupa haupati sehemu yake.

Mara mbili kwa wiki ongeza zoezi la nguvu. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta, kunja mikono kifuani, simama bila kujishika, kaa tena taratibu. Mara 10, pumzika, rudia. Likiwa jepesi, shika chupa ya maji kila mkono.

Hatua ya 2: Sahani

Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1000 hivi kwa siku. 1200 kwa mwanamke aliyepita miaka 50 na mwanamume aliyepita 70. Glasi ya maziwa ina karibu 300. Samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao ni hazina. Spinachi inasifiwa bure hapa: kalsiamu imo, lakini imeshikwa na oksalati, mwili unaambulia kidogo. Usisahau protini, maana wazee wengi huishia chai na mkate. Vitamini D hutoka hasa kwenye jua, na ngozi ya uzeeni huitengeneza kwa shida.

Hatua ya 3: Sigara na pombe

Sigara acha. Pombe punguza. Sina la kuongeza.

Hatua ya 4: Usianguke

Hatua hii hurukwa, na nyonga nyingi huvunjika kwa sababu hiyo. Leo usiku pita njia yako ya kitandani hadi chooni ukiwa umewasha taa, uhesabu vya kukukwaza: zulia lililokunjamana, waya, ndala zilizolegea, sakafu yenye maji. Ondoa kimoja kimoja. Weka taa unayoifikia kabla hujainuka, na kishikio bafuni. Pima macho. Ukitumia dawa za usingizi au za presha, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kizunguzungu kiishe, ndipo usimame. Na ukipiga mswaki, simama mguu mmoja, mkono karibu na sinki.

Hatua ya 5: Pima

Kipimo cha msongamano wa mifupa huitwa DXA, na jibu lake hulinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Jibu la -1 kwenda juu ni la kawaida, -2.5 kushuka chini ni ugonjwa wa mifupa dhaifu. Muulize daktari ikiwa wewe ni mwanamke wa miaka 65 na zaidi, umevunjika kwa kuanguka tu ukiwa umesimama, au umetumia prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) miezi 3 au zaidi. Ukipungua urefu sentimita 4, huenda pingili za mgongo zimebonyea bila wewe kujua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina miaka 58. Nameza kalsiamu miligramu 1200 yote asubuhi. Sawa?*

Hapana. Mwili hufyonza vizuri kama 500 kwa mkupuo. Hesabu kwanza unachopata kwenye chakula, kidonge kijazie pengo tu. Kama ni kalsiamu kaboneti, imeze pamoja na chakula. Uliwahi kupata mawe ya figo? Zungumza na daktari kwanza.

*Magoti yananiuma sana. Ndiyo mifupa inaisha?*

Huenda ni gegedu la kiungo, ule mto laini kwenye ncha za mifupa, limelika, jambo tofauti. Mifupa kupungua hakuumi.

*Shikamoo mwalimu. Mama, miaka 74, kaandikiwa alendroneti, dawa ya mifupa, kifua kinamwaka moto.*

Marahaba. Asimeze dozi nyingine kabla ya kumwona daktari. Mchunguze pia anaimezaje: inatakiwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, si chai, kisha akae wima dakika 30 bila kula wala kulala. Wengi hurudi kitandani, dawa ikaunguza koo la chakula.

*Nimeambiwa mifupa imeshapungua. Nikifanya mazoezi si nitavunjika?*

Kukaa tu kutakudhoofisha zaidi. Acha kuinama mbele kwa mgongo uliopinda, kuzungusha kiuno kwa nguvu na kurukaruka. Zoezi la kiti linakufaa, ila mara ya kwanza lifanye mbele ya mtaalamu wa viungo. Na kitu kikianguka sakafuni, piga goti ukiokote.