Unatafuta nyumba ya kununua Mbeya? Andika mahitaji yako kabla ya kumpigia dalali

Mnunuzi akishaona jipsamu na vigae vinavyong'aa, huanza kuulizia bei. Mteremko, maji na njia ya gari hukumbukwa baada ya kuhamia. Mpangilio huu unaanza na yale ambayo hayawezi kubadilishwa kwa pesa.

Hatua ya 1: Andika watu, si vyumba

Nani atalala wapi, leo na miaka 5 ijayo? Mama mzazi akija kukaa nanyi, je, chumba chake kitakuwa karibu na choo? Kuku, bustani, gari, vyote viandikwe. Tumia daftari badala ya simu, ili mlipitie wote mezani.

Hatua ya 2: Punguza bajeti

Ukiwa na milioni 60, tafuta nyumba za milioni 50. Inayobaki ni ya upekuzi (kuhakiki umiliki ofisi ya ardhi), mwanasheria, udalali, kodi na matengenezo.

Hatua ya 3: Gawa kurasa tatu

Kwa kila ulichoandika, jiulize: baada ya kuhamia, fundi anaweza kukileta? Kama hawezi, kiweke ukurasa wa kwanza: eneo, mteremko, ukubwa wa kiwanja, upana wa njia, uhalali wa umiliki. Anachokiweza kwa gharama, kama kubadilisha bati, kuongeza chumba au kuingiza choo ndani, kiende ukurasa wa pili. Rangi, jipsamu na makabati ni ukurasa wa tatu, na ukurasa huo usimwonyeshe dalali kabisa.

Mwelekeo wa nyumba nao ni wa ukurasa wa kwanza. Juni na Julai jua huku kwetu hupita upande wa kaskazini, hivyo sebule yenye madirisha ya kaskazini hupata joto mchana. Ukitafuta kwenye baridi kali, kama Uyole, Makambako au Njombe, jambo hili lipe uzito kuliko vigae.

Hatua ya 4: Chunguza maji, yanayozidi na yanayopungua

Hapa usiwe na haraka. Mbeya imejengwa miguuni mwa milima, na Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba Itezi. Kwa hiyo kabla ya kuitazama nyumba, tazama kilicho juu yake: msitu, shamba lililolimwa hadi ukingoni, au korongo linaloelekea kwenye kiwanja.

Muda mzuri wa kukagua ni Machi na Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku. Ukija kiangazi, tafuta alama. Ukuta uliopakwa rangi mpya sentimita 30 za chini tu, na juu umeachwa na rangi ya zamani, huenda unaficha unyevu au tope. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta hazitishi. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha, ukaonekana mahali palepale ndani na nje, huenda unaonyesha msingi umetitia. Mlete fundi mwashi unayemlipa wewe, asiwe wa muuzaji. Ukuta wa kuzuia udongo usio na matundu ya kutolea maji husukumwa taratibu hadi ukaanguka, maana maji hukusanyika nyuma yake.

Kisha choo. Uliza shimo liko wapi na kama hufurika masika. Kwenye udongo wa mfinyanzi maji hayanywewi upesi, kwa hiyo utaita gari la kunyonya maji taka mara kwa mara. Gari hilo litapita? Njia ya bodaboda na bajaji haitoshi. Pima upana kwa futi kamba, pamoja na kona.

Upande wa pili ni Oktoba, ambapo tatizo hugeuka kuwa mgao. Muulize jirani, si muuzaji, maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, humaliza tanki la lita 1,000 kwa siku 4. Maji yakikatika zaidi ya siku hizo, tanki kubwa linahama kutoka ukurasa wa tatu kwenda wa pili.

Ikiwa kuna mto karibu, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo zake. Kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, hasa kati ya Uyole na Songwe inakopanuliwa, omba kuonyeshwa mipaka ya hifadhi ya barabara.

Hatua ya 5: Amua aina ya karatasi

Kama unategemea mkopo wa benki, hati miliki ni hitaji la ukurasa wa kwanza. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa peke yake haitoshi. Fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi. Mke au mume wa muuzaji aandike ridhaa na kusaini, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia.

Hatua ya 6: Mpe dalali ukurasa wa kwanza

Usizidishe mambo 6. Mkubaliane mapema hela ya kuonyeshwa nyumba, na kwamba nyumba yenye kasoro hata moja ya ukurasa huo hamwendi kuiona, hata ikiwa bei yake imeshushwa.